Aliachishwa jeshi kwa utovu wa nidhamu: karatasi ile inaweza kuangaliwa upya

Familia zetu zimekaa Marekani muda wa kutosha hata watoto wetu wameanza kuingia jeshini. Kijana akishapata kadi ya kijani anaweza kujiandikisha, na sababu zake tunazijua: mshahara, masomo, uraia wa haraka. Siku ya kiapo mama anapiga vigelegele, na picha inafika Uvira na Kigoma kabla ya jioni. Lakini wapo wanaorudi kabla ya muda wao, kimya, na begi moja mkononi. Mzazi anaambiwa tu kwamba jeshi limekwisha. Habari yenyewe inakuja baadaye, siku kijana anapoomba msaada wa ada ya chuo na kukataliwa: aliondolewa kwa utovu wa nidhamu, na imeandikwa.

Ndugu msomaji, kama jambo hili limeingia nyumbani kwako, jua kwamba sheria inampa mwanajeshi wa zamani haki ya kuomba karatasi hiyo iangaliwe upya. Ombi halina ada. Kushinda si rahisi, na sitakudanganya, lakini ombi lililoandaliwa vizuri lina nafasi halisi. Tena sehemu ya ushahidi unaohitajika mara nyingi iko kwenu nyumbani, wala haiko jeshini.

Tuanze na karatasi yenyewe. Inaitwa DD 214. Mwombe kijana akuonyeshe nakala ndefu, kwa sababu ipo na nakala fupi ambayo haionyeshi daraja wala sababu ya kuondolewa. Kwenye nakala ndefu, kisanduku cha 24 ndicho kinachobeba daraja, na kisanduku cha 28 kinaeleza sababu. Daraja la juu ni Honorable, yaani heshima kamili. Chini yake ni General, ambayo bado inahesabiwa kuwa chini ya masharti ya heshima. Kisha inakuja Other Than Honorable, na hapa ndipo matatizo makubwa yanapoanzia. Hayo matatu hutolewa na makamanda bila mahakama. Mawili ya mwisho, Bad Conduct na Dishonorable, hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake. Kama karatasi imepotea, nakala huombwa kwa fomu SF 180 kutoka kituo cha kumbukumbu cha taifa kilichopo St. Louis. Omba faili zima la utumishi pamoja na la matibabu, usiombe karatasi moja tu.

Nimesikia wazazi wakisema, "Alikubali mwenyewe, alitia sahihi." Ni kweli, wengi hutia sahihi. Kijana anatishiwa kushtakiwa mahakama ya kijeshi, kisha anapewa njia ya kuondoka haraka kwa kukubali daraja la chini. Ana miaka 20, amechoka, Kiingereza cha sheria hakielewi vizuri, anataka kwenda nyumbani. Kutia sahihi hakumfungii mlango wa kuomba mapitio.

Hasara ya daraja hilo ni kubwa. Msaada wa masomo wa GI Bill unahitaji Honorable. Hata General haitoshi. Huduma za VA, idara inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, zinakuwa na mashaka kwa mwenye Other Than Honorable, ingawa nitarudi kwenye hilo. Waajiri wengine huuliza karatasi.

Kwa sisi tuliokuja kama wakimbizi kuna jambo jingine zito zaidi, nalo ni uraia. Njia ya haraka ya uraia kupitia jeshi inakubali Honorable na General tu. Na aliyekwisha kuupata uraia kwa njia hiyo anaweza kuvuliwa kama aliondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wenye heshima. Hauvuliwi wenyewe, hupitia mahakamani, lakini sheria ipo. Anayeomba uraia kwa njia ya kawaida naye ataulizwa habari za jeshi kwenye fomu N-400, na lazima ajibu ukweli.

Sasa maombi yanapelekwa wapi? Kila tawi la jeshi lina bodi zake, na Marines wanahudumiwa na bodi za jeshi la majini. Bodi ya kwanza ni ya mapitio ya kuachishwa. Fomu yake ni DD 293, na ombi lazima lifike ndani ya miaka 15 tangu tarehe ya kuondolewa. Wajumbe ni watano, na uamuzi hufuata kura ya walio wengi. Unaweza kuomba wasome faili tu. Wakikataa, bado unaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana au kwa video, mradi miaka 15 haijapita. Ukianza na kusikilizwa na kushindwa, huwezi kurudi nyuma kuomba wasome faili. Bodi hiyo hairuhusiwi kushusha daraja zaidi, kwa hiyo hofu ya "wasije wakaniharibia zaidi" iwekeni kando.

Bodi ya pili ni ya kurekebisha kumbukumbu, na fomu yake ni DD 149. Huko ndiko wanakokwenda walioondolewa na mahakama kuu ya kijeshi, waliopitwa na miaka 15, au waliokataliwa na bodi ya kwanza. Muda wake ni miaka 3 tangu kugundua kosa au dhuluma, ila bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Eleza kwa nini ulichelewa. Kama mwenyewe amefariki, mjane au ndugu wa karibu anaweza kuomba kwa niaba yake.

Wale mliokaa Nyarugusu kama mimi, au Nakivale, au Kakuma, mnaijua kazi hii kuliko mnavyofikiri. Mnakumbuka barua ya kukataliwa baada ya usaili wa Wamarekani, na zile siku 90 za kuandika kuomba kesi iangaliwe tena? Aliyeandika "naomba mnihurumie, nimeteseka sana" hakufika mbali. Aliyeonyesha kosa lililofanyika, au ushahidi mpya ambao afisa hakuuona, huyo alikuwa na la kuzungumza. Bodi za jeshi nazo zinauliza maswali mawili makubwa: je, taratibu zilifuatwa? Na je, hata kama zilifuatwa, adhabu ilikuwa ya haki kwa mtu huyu na mazingira yake?

Swali la pili ndilo linalowasaidia wengi. Katika waraka wa Agosti 2017, Wizara ya Ulinzi iliziagiza bodi kuyapokea kwa upole maombi ya watu ambao makosa yao yanahusiana na ugonjwa wa akili, kiwewe (kwenye karatasi za daktari huandikwa PTSD), jeraha la ubongo, kubakwa au kunyanyaswa kijinsia. Bodi inatazama mambo manne: je, alikuwa na hali hiyo au alipatwa na tukio hilo? Je, ilikuwa wakati wa utumishi? Je, inaeleza kosa alilofanya? Na je, ina uzito kuliko sababu za kumwondoa?

Wengi huanguka kwenye swali la tatu. Wanaleta barua ya daktari inayosema "ana PTSD" na kunyamaza hapo. Lazima kamba ifungwe pande zote mbili. Tuchukue mfano wa kubuni: kijana yuko kwenye kambi ya jeshi Texas, anapigiwa simu kwamba kaka yake ameuawa Kivu Kaskazini. Anaomba ruhusa, hapewi siku za kutosha. Halali usingizi, anaanza kunywa, miezi miwili baadaye mkojo wake unapimwa na kukutwa na bangi. Daktari akiandika kwamba kukosa usingizi kulianza baada ya habari ya kifo, na kwamba watu wenye hali hiyo mara nyingi hutafuta nafuu kwenye pombe au bangi, kosa limepata maelezo. Utoro wa kambini nao huelezeka kwa njia hiyo. Lakini kosa lililopangwa kwa makusudi, kama wizi uliopangwa wiki nzima, waraka wenyewe unasema kwa kawaida hali ya akili hailisamehi.

Waraka huo unakubali ushahidi kutoka nje ya faili la jeshi: hospitali, washauri, wenzake wa bwenini, viongozi wa dini, na wanafamilia. Hata maelezo ya mwenyewe peke yake yanaweza kuthibitisha kwamba hali ilikuwepo. Kwa hiyo, baba na mama, mnachokijua kina uzito. Mlikuwa mnaongea naye kwa simu. Mliona sauti ilivyobadilika. Labda ujumbe wake bado uko kwenye WhatsApp, "mama siwezi tena", wenye tarehe. Usiufute! Upige picha ya skrini, tarehe ionekane, na utafsiriwe na mtu atakayetia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi.

Barua ya mzazi isiwe ya kumsifu tu kwamba ni mtoto mzuri, anamcha Mungu. Andika ulichokiona: alikuwaje kabla ya kwenda, simu ya mwezi gani ilikushtua, alipokuja likizo alifanya nini. "Alikuwa anakaa gizani chumbani na hakula na sisi" ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa sifa. Andika kwa Kiswahili kama hicho ndicho unachokiweza, tutatafsiri. Hapa ndipo aibu yetu inapotugharimu. Kwetu mambo ya kichwa hayasemwi nje, na kijana wa kiume hasemi kwamba analia usiku. Nawaheshimu wazee wangu, lakini bodi haiwezi kupima kitu ambacho familia imekificha.

Waraka mwingine, wa Julai 2018, unazungumzia huruma na mabadiliko ya mtu baada ya kutoka jeshini. Unasema wazi kwamba si lazima mtu awe na digrii wala cheo kikubwa ili aonekane amejirekebisha, na kwamba Honorable haimaanishi utumishi usio na doa lolote. Anayeendesha lori, analipa kodi ya nyumba, analea watoto na kusaidia kanisani au msikitini ana cha kuonyesha: barua ya mwajiri, cheti cha mafunzo, barua ya mchungaji au imamu.

Sasa onyo, na tafadhali msilipite haraka. Kama mwombaji si raia bado, asitume chochote kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Kwenye maelezo atakuwa anakiri mambo, na kukiri kwa maandishi kwamba alitumia dawa za kulevya kunaweza kumletea shida kwenye kesi ya uhamiaji hata kama bodi itamwonea huruma. Vilevile, kupandishwa daraja hakufuti hatia ya mahakama ya kijeshi, nayo hatia hiyo inaweza kutazamwa na uhamiaji kama hatia nyingine. Mawakili wawili, wa jeshi na wa uhamiaji, waongee pamoja.

Pia kuna uvumi kwamba daraja hupanda lenyewe baada ya miezi sita. Si kweli, halijapanda lenyewe kwa mtu yeyote. Na akitokea mtu anayedai dola elfu kadhaa akiahidi ushindi, mwache. Vipo vyama vya wanajeshi wa zamani na kliniki za sheria za vyuo vikuu vinavyosaidia bure, na tovuti ya VA ina ukurasa unaokuuliza maswali machache kisha kukuonyesha fomu na bodi inayokuhusu.

Wakati mnasubiri, na kusubiri kunaweza kuzidi mwaka, kijana aombe huduma VA hata kama karatasi inasema Other Than Honorable. VA hufanya uamuzi wake yenyewe kuhusu utumishi wa mtu, na mwaka 2024 ililegeza kanuni zake ili mazingira yaliyomsukuma mtu kukosea yahesabiwe. Uamuzi wa VA haubadilishi DD 214, lakini unaweza kufungua matibabu. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri uamuzi wowote: apige 988 kisha abonyeze 1, saa yoyote.

Mkija ofisini, leteni DD 214 ndefu, barua zozote za jeshi hata zilizokunjamana, majina ya hospitali alizotibiwa, na simu yenye zile meseji. Na kwa kuwa sisi huhama kutoka apatimenti moja hadi nyingine kila mkataba unapoisha, mkishatuma ombi iandikieni bodi anwani mpya wiki ileile mnayohama. Barua ya bodi ina tarehe za mwisho ndani yake, na haisubiri mpaka mpangaji mpya aamue kuwatafuta.