SHABAHA YA SOMO NA MTIHANI VIENDE PAMOJA

Katika soko la Migwani hakuna mchuuzi apimaye kitambaa kwa gorogoro, wala ndengu kwa utepe. Kila kitu kina kipimo chake, na mnunuzi akijua. Lakini shuleni mara nyingi mtoto hufundishwa jambo moja akapimwa kwa jambo jingine, kisha akapewa alama na nafasi yake darasani, na mzazi akaamini kwamba kipimo kilikuwa cha haki. Nia ya makala hii ni kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuliepuka kosa hilo, na kwa nini mzazi naye yampasa kuliangalia.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1949 Ralph Tyler, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, alitoa kitabu kidogo chenye maswali manne: Shule yataka kufikia nini? Ni mafunzo gani yatakayotufikisha huko? Mafunzo hayo yapangwe vipi? Na tutajuaje kwamba tumefika? Swali la nne halina maana pasipo la kwanza. Asiyejua aendako hawezi kujua kama amefika.

Hapa Kenya tumejifunza jambo hili kwa gharama. Zamani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliojulikana kwa herufi C.P.E., ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Mtoto hakutakiwa kuandika insha hata moja. Kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, waalimu walifundisha yale tu yaliyoulizwa, na watoto wengi wakamaliza shule bila ya kuzoea kuandika barua. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Wizara ya Elimu, akiwamo Anthony Somerset, waliyachunguza maswali hayo, wakaona kwamba mengi yalidai kukumbuka tu. Basi wakaanza kuingiza maswali ya kufikiri, na ya mambo ambayo mtoto wa shamba huyaona kila siku, wakawapelekea waalimu maelezo ya mahali watoto walipokosea. Walitambua ya kuwa mtihani ukibadilika, mafundisho nayo hubadilika.

Mwaka 1985 ulipokuja utaratibu wa 8-4-4, mtihani mpya wa K.C.P.E. uliongeza insha ya Kiingereza na ya Kiswahili. Hilo lilikuwa jema. Lakini shabaha kubwa ya 8-4-4 ilikuwa kazi za mikono: kilimo, ufundi, na maarifa ya nyumbani. Wazazi walichanga fedha kwa harambee, wakajenga karakana. Mwisho wa mwaka wa nane mtoto aliulizwa habari za jembe na za nyundo kwa karatasi na penseli, naye akachagua A, B, C au D. Shabaha ilikuwa mkono, na kipimo kikawa kumbukumbu. Si ajabu kwamba karakana nyingi zilikaa kimya.

K.C.P.E. ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019. Watoto wa gredi ya sita walifanya mtihani wao wa kwanza wa taifa mwaka 2022, na wale wa gredi ya tisa mwaka 2025. Katika hesabu ya gredi ya tisa, kazi zilizopimwa na mwalimu shuleni huchukua sehemu 20 katika 100, mtihani wa gredi ya sita sehemu 20, na mtihani wa mwisho sehemu 60. Maana yake ni kwamba kalamu ya mwalimu wa Migwani imeingia katika hesabu ya taifa. Huo ni uwezo mkubwa, tena ni amana.

Natuangalie mfano mmoja wa kwetu. Mwalimu afundisha kuzuia mmomonyoko wa udongo. Akiandika katika kitabu chake, "Mwanafunzi aelewe matuta," hajasema neno linaloweza kupimwa, kwani kuelewa hakuonekani kwa macho. Afadhali aandike hivi: "Mwanafunzi aweze kupima usawa wa mteremko kwa uzi na pimamaji, kuchimba tuta la fanya juu lenye urefu wa hatua tano, na kueleza kwa nini udongo hutupwa upande wa juu." Shabaha hiyo imekwisha kuutaja mtihani wake. Mwanafunzi apewe uzi, miti miwili na jembe. Mwalimu atazame mambo matatu: je, mstari umefuata usawa? Je, udongo umetupwa upande wa juu? Je, sababu aliyoitoa ni ya kweli? Aliyeshinda mawili akashindwa la tatu ajulikana mara moja, na mwalimu ajua la kurudia kesho.

Wako watakaosema kwamba darasa lina watoto wengi, na muda ni mchache. Ni kweli. Hata hivyo si lazima wote wapimwe siku moja. Wachache kila kipindi watosha, na kabla ya mwisho wa muhula darasa zima litakuwa limepita. Wala kipimo kizuri hakidai vitu vya kununua. Mchanga, mawe na mbegu za ndengu hatukosi. Tena sisemi kwamba karatasi itupwe. Kama shabaha ni kusoma habari na kujibu, karatasi ndiyo kipimo chake halali. Mwalimu naye asitoe alama kwa huruma wala kwa kujuana, maana alama ya uongo humdhulumu mtoto wa jirani aliyeipata yake kwa jasho.

Mzazi naye ana sehemu yake. Twauza mbuzi ili kulipa karo, kisha twauliza, "Amekuwa wa ngapi?" Swali hilo halitupi habari ya maana. Wa kwanza katika darasa lisilojua kuandika barua hajui kuandika barua. Ifaavyo ni kumwuliza mwalimu: "Muhula huu mlikusudia mtoto aweze kufanya nini, na mmeonaje kwamba aweza?" Mwalimu aliyepanga kazi yake atafurahi kuulizwa hivyo, na asiyepanga ataanza kupanga.

Ardhi yetu ni kavu na mvua zetu hazina ahadi. Mtoto atakayeishi hapa vizuri ni yule awezaye kutenda alichofundishwa. Basi waalimu na wazazi, tuiweke shabaha kwanza, tuiandike kwa maneno ya kutenda, kisha tumpime mtoto kwa hiyo hiyo.