Baiskeli ya masafa haichaguliwi kwa macho

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ulizaliwa kwenye majahazi, lakini waifaa baiskeli pia, na hasa baiskeli ya mtu akusudiaye kukaa juu yake mchana kutwa na usiku wake.

Wako vijana wetu watokao Mombasa wakafika Malindi kwa baiskeli, mwendo wa kilomita 120 hivi, na nyoyo za wengine zatamani zaidi ya hapo. Mtu kama huyo aingiapo dukani, macho humtangulia. Huvutwa na rangi, na wepesi, na jina lililoandikwa ubavuni. Hutoa fedha alizoziweka miezi mingi; kisha, kabla ya safari ya pili, viganja vyafa ganzi, goti lauma, na baiskeli yatundikwa ukutani. Fedha imekwenda, na hamu imekwenda nayo.

Basi na tuwatazame waliotangulia katika jambo hili. Nchini Ufaransa iko safari iitwayo Paris-Brest-Paris, iliyoanza mwaka 1891. Masafa yake ni kilomita 1,200 na zaidi kidogo; ni kama mtu atoke Mombasa hadi Nairobi, arudi Mombasa, kisha aanze tena hadi Mtito Andei.

Mwaka ule wa kwanza alishinda Charles Terront, kwa saa 71 na dakika 22. Alipanda juu ya matairi mapya ya Michelin, yenye kujazwa upepo na kuvuliwa kwenye rimu. Matairi mengine ya upepo ya zama zile yaligandishwa kwa gundi, na kuyaziba ilikuwa kazi ya saa nyingi. Terront naye alipata pancha, lakini ilizibwa akaendelea. Funzo la kwanza ni hilo: kimfikishacho msafiri si chombo kisichoharibika, bali ni kile kitengenezekacho njiani.

Siku hizi safari hiyo hufanywa kila baada ya miaka minne, na ile ya 2023 ilianzia Rambouillet. Hapana zawadi ya mshindi. Shabaha ni kumaliza, na muda mrefu kabisa ni saa 90. Humo utaona baiskeli za kila namna: za watu wawili, za magurudumu matatu, hata zile mtu aziendeshazo amelala chali. Kumbe hakuna baiskeli moja iliyo bora kwa watu wote. Iko ile imfaayo mwenyewe.

Kwa hiyo anza na mwili wako. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu na unyooke. Ukiurudisha wayo mahali pake, goti litakunjika kidogo tu, na ndivyo itakiwavyo. Tazama na usukani. Fremu ikiwa ndefu kuliko kiwiliwili chako, utajinyoosha kuufikia, na uzito wote utaangukia viganja. Kwa mwendo wa mbali, usukani ulio karibu sawa na kiti kwa kimo humpumzisha mtu mgongo na shingo.

Kiti kisikudanganye kwa ulaini. Kile kibonyeacho kama mto hupendeza dukani, lakini baada ya saa sita huchubua. Tafuta kigumu kiasi, chenye upana wa kuipokea mifupa ya makalio.

Matairi nayo yamebadilika. Zamani waendao mbio walipenda tairi jembamba la milimita 23, lililojazwa upepo likawa kama jiwe. Leo wazoefu wa masafa hutumia la milimita 28, 32 au zaidi, na upepo wa kadiri. Barabara ikiwa mbaya, tairi gumu humrusharusha mtu, na nguvu zake hupotea katika mtikisiko badala ya mwendo.

Tena uliza gia. Ile nyepesi kabisa yafaa iwe na meno mbele sawa na nyuma, tuseme 34 kwa 34: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Magoti yatakushukuru utakapopanda Mazeras. Na kwa usiku, dainamo iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele hutoa taa muda wote gurudumu lizungukapo.

Ama fremu, ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na ghali. Ya aluminiamu ni nyepesi pia, na bei yake nafuu kuliko hiyo. Ile ya chuma ina uzito kidogo, lakini ikivunjika mbali na mji, mchomeleaji aweza kuiunga. Hata Black Mamba tuijuayo, ibebayo mikate na madumu ya maji, ina hekima yake: usukani wa juu, na kila fundi wa mtaani aijua. Kasoro yake kwa masafa ni uzito na gia moja.

Wafaransa hawampokei mtu kwa kilomita 1,200 kabla hajamaliza safari za 200, 300, 400 na 600. Nawe, kabla ya kutoa fedha yako, iazime baiskeli kama hiyo uiendeshe siku nzima. Kama kuna kosa, mwili utakuwa umekwisha kulisema ifikapo magharibi.