Waulizeni Wazee Wangali Nanyi



Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka siku hiyo mwaka 2021, nayo huangukia karibu na tarehe 26 Julai, kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Hao ndio babu na bibi wa Bwana wetu kwa upande wa mama. Lakini tazameni jambo hili: katika Injili zote nne majina yao hayamo. Mathayo hakuyaandika, wala Luka. Yametufikia kwa njia ya masimulizi ya Wakristo wa kale, yaliyo nje ya Biblia, kisha Kanisa likayapokea katika liturujia yake. Kama waamini wale wasingalitaka kujua bibi yake Yesu aliitwa nani, leo tusingalikuwa na jina la kumwita.

Basi, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuwauliza wazee wetu habari za ukoo, na kwa nini kazi hiyo ni wajibu wetu sisi Wakristo, wala si udadisi mtupu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa seminari kuu tuliweza kuwataja Mababa wa Kanisa kwa karne zao, na Mitaguso Mikuu kwa mfuatano wake. Wakati huo bibi yetu mzaa mama alikuwa hai. Kila likizo tulimpelekea sukari na kanga, tukaketi naye barazani, tukamsimulia mambo ya seminari. Yeye hatukumwuliza kitu. Tulijua tu ya kuwa mama yake aliletwa katika misheni ya Bagamoyo akiwa mtoto mdogo, akitokea bara, na kwamba habari hiyo haisemwi mbele za watu. Bibi alifariki tukiwa mwaka wa tatu wa teolojia. Siku ya maziko mzee mmoja alipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Alipofika penye jina la mama wa marehemu alinyamaza, akatutazama sisi tuliosoma, nasi tukatazama chini.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tumekwisha kupewa daraja la upadre, tulimkuta mama yake bibi katika kitabu cha zamani cha ubatizo. Jina la ubatizo lilikuwemo, pamoja na tarehe na jina la msimamizi wake. Penye nafasi ya wazazi, padre aliyeandika alikuwa ameweka neno moja la Kilatini lenye maana ya kuwa hawajulikani. Jina alilopewa na mama yake mzazi halikuandikwa. Bibi alilijua. Twasema hivyo kwa sababu tulipokuwa watoto tulimsikia akilitaja pale alipotwanga, nasi tukadhani ni maneno ya wimbo tu.

Ndugu wapenzi, yawapasa wengi kuifahamu historia iliyo nyuma ya nafasi tupu kama ile. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Zanzibar. Hapo waliwakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wamekamatwa mbali kabisa na pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Kwa hiyo mambo haya si ya kale kama tudhanivyo. Wapo wazee kati yetu ambao bibi zao waliyaona kwa macho yao.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Twaitumia methali hiyo kumkemea kijana anayedharau kwao. Lakini mtoto aliyenyakuliwa njiani na kufungwa kamba hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa. Anayeiacha asili ni yule mjukuu anayeona haya kumtaja, akaanza hesabu ya ukoo kwa babu aliyekuwa na ng'ombe wengi.

Mwinjili Mathayo hakufanya hivyo. Anapoanza Injili yake anapanga vizazi kumi na vinne mara tatu, tangu Ibrahimu hadi Kristo. Kabla ya kumfikia Maria anawataja wanawake wanne: Tamari aliyezaa na mkwewe, Rahabu kahaba wa Yeriko, Ruthu mgeni kutoka Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria, ambaye Daudi alimchukua na kumwua mumewe. Familia nyingi zingaliruka majina hayo. Mathayo aliyaacha yasomwe kanisani, tena katika Misa ya mkesha wa Noeli, ili tujue ya kuwa Mwana wa Mungu hakuionea haya damu aliyoitwaa.

Sasa, kazi hii hufanywaje? Anzeni na walio hai, tena mwanzeni na aliye mzee kuliko wote, maana hamjui siku wala saa. Msimwendee na karatasi na maswali mengi kama watu wa sensa. Ketini naye, mchambue naye maharage, na siku ya kwanza mwulizeni jambo moja tu. Mzee huchoka, lakini neno moja likiisha kuamshwa, usiku huwaamsha mengine.

Msimwulize mzee alizaliwa mwaka gani. Mwulizeni kulikuwa na nini. Je, mama yake aliwahi kumsimulia vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907? Je, babu yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, kati ya mwaka 1914 na 1918? Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, yeye alikuwa msichana au alikwisha kuolewa? Tulipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, mtoto gani alikuwa mgongoni? Kwa njia hiyo miaka hujipanga yenyewe.

Ulizeni majina yote ya mtu. Babu mmoja aweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la jandoni, jina la ubatizo, na jina la utani alilopewa kazini mkongeni. Bibi naye pengine kijiji kizima kilimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Msipoyaandika yote, wajukuu watadhani walikuwa watu wanne.

Tena msiishie kwa baba. Kwa Waluguru, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mjomba ndiye aliyeshika habari zake. Hata katika makabila yanayofuata baba, mara nyingi shangazi na mama wakubwa ndio wanaokumbuka nani alizikwa wapi. Na watani msiwasahau. Mtani anayefanya mizaha msibani anajua mambo ambayo ndugu wa damu wameyanyamazia.

Itatokea wazee wasikubaliane. Baba mkubwa atasema babu alitoka mlimani, bibi atasema alitoka bondeni. Msimfanye mmoja wao kuwa mwongo. Mathayo anasema baba yake Yosefu ni Yakobo, na Luka anamtaja Eli. Wataalamu wametoa maelezo mbalimbali tangu karne za kwanza, lakini Kanisa halikufuta jina hata moja. Nanyi andikeni yote mawili, na pembeni mwandike ni nani aliyesema.

Baada ya midomo ya wazee, viko vitabu vya parokia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuandika ndoa na majina ya wasimamizi wa ubatizo, na hadi leo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mhudumu wa sakramenti, pamoja na mahali na tarehe. Baadaye huongezwa kipaimara na ndoa. Vingi vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Yosefu wenu mtamkuta akiitwa Josephus.

Mkienda kwa paroko, nendeni na jina la ubatizo, jina la kigango, na mwaka kwa kukadiria. Kama parokia yenu ilizaliwa na parokia nyingine, yaelekea kitabu cha zamani kilibaki kwa mama. Wala msinung'unike paroko akikataa kuwapa kitabu mkifunue wenyewe, maana ndani yake mna siri za watu walio hai.

Jambo hili la siri latutaka tuwe na busara. Si kila tunaloambiwa barazani ni la kutangazwa jumuiyani. Mzee akisema, "Hili liandike, lakini lisisomwe kabla sijafa," mtiini. Kuna ukweli unaoponya, na kuna ukweli unaotupwa kama jiwe. Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, zinazoleta mabishano tu. Lakini katika barua nyingine alimkumbusha kwa upendo imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Tofauti ni moja: ukoo unaotafutwa kwa majivuno huzaa ugomvi, na ukoo unaotafutwa kwa shukrani huzaa sala.

Faida zake mtaziona. Kwanza, katika ndoa. Kanuni ya 1091 inazuia ndoa ya ndugu wa damu hadi daraja la nne, yaani watoto wa ndugu wawili. Siku hizi vijana hukutana mjini bila kujuana, na katekista anapouliza kama wana undugu, hujibu hapana kwa sababu hawajui. Pili, mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu, wengi huandika "marehemu wote wa ukoo" wakaishia hapo. Ni sala njema. Hata hivyo, anayeombewa kwa jina lake huwa amekumbukwa na mtu fulani. Tatu, ukoo uliogawanyika kwa ajili ya shamba au posa ya zamani hupatana kwa urahisi zaidi watu wanapogundua ya kuwa walilala chini ya paa moja vizazi vitatu tu vilivyopita.

Ninyi makatekista, tunawaomba jambo moja. Katika mafundisho ya kipaimara, wapeni vijana zoezi hili: kila mmoja alete majina ya babu na bibi zake wanne, na ya wazazi wa hao kadiri yatakavyopatikana. Asiyeweza kuyapata, kwa kuwa ni yatima au kwa kuwa mlango umefungwa, asiaibishwe. Aandike jina la yule aliyemlea, na mahali palipo patupu aache nafasi. Mungu ajuaye idadi ya nywele zetu ndiye anayeijaza.

Sisi nasi katika daftari letu tumeiacha nafasi moja. Chini ya jina la bibi tumeandika jina la ubatizo la mama yake, na kando yake mstari usio na neno. Kila tunapotolea Misa ya marehemu, hapo ndipo moyo wetu unaposimama kidogo. Ninyi ambao bibi yenu yupo leo, ameketi jikoni au amelala chumbani, msingoje likizo nyingine. Mkitoka kusikiliza kipindi hiki, nendeni mkamwulize mama yake aliitwa nani.

Mwenyezi Mungu awabariki wazee wetu, na awape waliotangulia raha ya milele. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.