Krimu ya Keki Katika Mlo Wako: Ijue Kabla ya Kuila

Katika sherehe nyingi za Tabora, kuanzia ubatizo na kipaimara hadi harusi, keki iliyofunikwa krimu nyeupe imekuwa na nafasi yake mezani. Mlaji wa Kitete anayefuata mlo maalumu hukutana nayo hata pasipo kuinunua, na hutaka kujua kama inamfaa. Jibu hutegemea swali la awali: hiyo ni krimu ipi?

Jina moja, bidhaa mbili

Krimu ya maziwa, ambayo wengine huiita malai, ni sehemu ya maziwa yenye mafuta mengi. Ile inayofaa kupigwa huwa na mafuta ya kiasi cha asilimia 30 hadi 36. Ikipigwa hujaa hewa na ujazo wake huongezeka karibu maradufu.

Krimu ya mimea hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya mise, yaani kokwa za mchikichi, pamoja na maji, sukari na viambato vya kuifanya isimame. Waokaji wengi huipenda kwa kuwa hustahimili joto kuliko ya maziwa. Kwa macho, ni vigumu kuzitofautisha.

Krimu na aina za mlo

*Mlo wa kupunguza wanga (keto).* Gramu 100 za krimu ya maziwa isiyotiwa sukari zina wanga wa takriban gramu 3 tu, hivyo kiasi kidogo hakivunji masharti ya mlo huu. Krimu ya mimea yenye sukari huyavunja, na keki ya ngano iliyo chini yake huyavunja zaidi.

*Mlo wa mwenye kisukari.* Jambo la kuangalia ni sukari iliyoongezwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Kiasi hicho hujumuisha pia sukari ya chai na soda.

*Mlo wa kupunguza uzito au kulinda moyo.* Gramu 100 za krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 hutoa takriban kilokalori 340, na zina mafuta yaliyokolea ya gramu 22 au zaidi. Hicho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa siku nzima kwa mlo wa kilokalori 2,000. Krimu ya mimea si nafuu kwa sababu tu haitokani na ng'ombe, kwa maana mafuta ya mise nayo yana mafuta yaliyokolea kwa wingi. Ridhika na kijiko kimoja, au tumia mtindi usio na sukari.

*Mlo usio na mazao ya wanyama, na mzio wa maziwa.* Hapa ndipo kosa huweza kuleta madhara makubwa. Baadhi ya krimu za mimea huwa na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa, hata kiasi kidogo kinaweza kuhatarisha maisha.

Tunamshauri mlaji

1. Soma orodha ya viambato kwenye pakiti. Hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, fahamu kuwa ni nyingi.
2. Unapoagiza keki, mwulize mwokaji ametumia krimu gani, na uombe kuiona pakiti. Ni haki yako kujua unachokilipia.
3. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
4. Hifadhi krimu ya maziwa iliyofunguliwa katika nyuzi joto 4 au chini yake. Miezi ya Septemba na Oktoba, joto la mchana Tabora huvuka nyuzi 30. Keki ya krimu iliyokaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, au jokofuni wakati umeme umekatika kwa muda mrefu, isiliwe.
5. Ikiwa unatumia dawa za kisukari au za moyo, zungumza na mtaalamu wa afya kabla ya kubadili mlo wako.