Sindano za Kupunguza Uzito: Zinavyofanya Kazi Mwilini



Miaka michache iliyopita ni watu wachache waliokuwa wamesikia habari za sindano za kupunguza uzito. Leo jina la Ozempic linatajwa redioni, saluni na kwenye simu za vijana. Mjumbe wa kamati ya afya ya parokia anaweza kuulizwa na muumini baada ya ibada: je, sindano hizi ni za kweli, au ni ulaghai wa kibiashara? Naye rafiki wa ng'ambo aliyebakiwa na dawa kabatini anaweza kujiuliza kama ingefaa aitume kwa mgonjwa wa kisukari asiye na uwezo. Maswali yote mawili hujibika vizuri zaidi tukielewa kwanza jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi.

Peptidi ni nini?

Protini iliyo katika maharage, samaki au nyama imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vilivyoungana mfano wa shanga katika uzi. Uzi mrefu wa shanga hizo ni protini. Uzi mfupi huitwa peptidi. Mwili wenyewe hutengeneza peptidi nyingi na kuzituma kama wajumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, ni mjumbe wa aina hiyo na ina shanga 51. Mjumbe tunayemzungumzia hapa anaitwa GLP-1. Ana shanga zipatazo 30 na hutoka katika utumbo.

Mjumbe wa utumbo

Mwaka 1964 watafiti walionyesha jambo la ajabu: sukari inayomezwa huufanya mwili utoe insulini nyingi kuliko sukari inayoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa. Maana yake ni kwamba utumbo, ukipokea chakula, hupeleka taarifa. Baadaye ilifahamika kuwa GLP-1 ni mmoja wa wajumbe hao. Kazi zake kubwa ni tatu:

1. Huiambia kongosho itoe insulini pale sukari ya damu inapopanda.
2. Hulichelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, hivyo mtu hukaa ameshiba kwa muda mrefu zaidi.
3. Huufahamisha ubongo kwamba chakula kimetosha, na hamu ya kula hupungua.

Tatizo ni kwamba mjumbe huyu haishi muda mrefu. Baada ya dakika mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kuvunjwa na kimeng'enya mwilini. Kwa hiyo hakufaa kuwa dawa kama alivyo.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitangaza kuwa amepata, katika sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, peptidi inayofanana na GLP-1 lakini isiyovunjika upesi. Kutokana na peptidi hiyo ilipatikana dawa ya kisukari iitwayo exenataidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ilidungwa mara mbili kwa siku.

Wanasayansi wengine walichukua GLP-1 ya binadamu, wakabadilisha shanga chache ili kimeng'enya kisiweze kuikata, kisha wakaiongezea mkia wa mafuta unaoshikamana na protini ya damu. Hiyo ndiyo semaglutaidi, ambayo huuzwa kwa majina ya Ozempic kwa ajili ya kisukari na Wegovy kwa ajili ya uzito. Hata wiki moja baada ya kudungwa, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo sababu sindano moja kwa wiki hutosha.

Uzito hupunguaje?

Dawa hizi haziyeyushi mafuta. Mtu hupungua kwa sababu anakula kidogo bila kuteswa na njaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, wote wakipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliopata semaglutaidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliopata sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Dawa nyingine, tirzepataidi, huiga wajumbe wawili wa utumbo kwa pamoja. Katika utafiti wa mwaka 2022, kipimo chake kikubwa kilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 72.

Hapa pana fundisho kwetu. Ikiwa kubadili ujumbe wa utumbo kunaweza kubadili hamu ya kula kiasi hiki, basi unene si suala la ulafi au uvivu tu. Tumpokee mwenye uzito mkubwa kama tunavyompokea mwenye shinikizo la damu, bila kumcheka wala kumhukumu.

Mambo ya kuzingatia

Dawa husema na mwili kwa muda ule tu inapotumika. Washiriki wa utafiti wa kwanza tuliotaja walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopunguza. Anayeanza lazima ajue kama ataweza kuendelea, na kwa gharama ya nani.

Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo hutokea mara kwa mara, hasa kipimo kinapoongezwa. Mara chache kongosho huvimba, au mawe hujitokeza katika kibofu cha nyongo. Mjamzito hapaswi kuitumia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi akichanganya dawa bila kusimamiwa na daktari.

Dawa bandia zipo. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu, bila cheti cha daktari, haina wa kuidhamini.

Kuhusu dawa zilizobaki

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa shukrani: tafadhali msitume kalamu za sindano zilizobaki nyumbani. Peptidi ni kitu laini. Kalamu isiyofunguliwa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikiganda au ikipata joto kali huharibika, na kwa kuitazama huwezi kujua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inakataza dawa zilizokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha zikarudishwa, na inataka dawa zinazopokelewa ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Zaidi ya hayo, mgonjwa akipata kalamu mbili kisha akose ya tatu, tutakuwa tumempa matumaini ya miezi michache tu.

Mwezi Septemba 2025 Shirika hilo liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walio na unene pamoja na ugonjwa wa moyo au figo. Hiyo ni hatua njema, lakini bei ingali kikwazo kikubwa.

Wakati tukisubiri bei ishuke, kamati zinaweza kufanya mambo yaliyo ndani ya uwezo wao: kupima shinikizo la damu, sukari na mzingo wa kiuno, kumfikisha mgonjwa kwa daktari mapema, na kupunguza soda na vyakula vya kukaanga katika mikutano yetu wenyewe. Na muumini akiuliza kuhusu sindano, tumweleze ukweli: inafanya kazi, ina masharti, na mahali pa kuanzia ni kwa daktari.