Jinsi Mwanga Unavyobadilisha Sura ya Mbao za Samani Zilizokarabatiwa

Eneo la Pazhou, lililoko kando ya Mto Zhujiang mjini Guangzhou, kusini mwa China, ndipo yanapofanyika, kwa kawaida mwezi Machi, Maonesho ya Kimataifa ya Samani ya China yaliyoanzishwa mwaka 1998. Katika kumbi hizo taa huelekezwa juu ya kila meza na kabati, na mbao hupendeza mno. Lakini taa hizo haziendi nyumbani pamoja na mnunuzi, na anayenunua samani iliyokarabatiwa ndiye aliye hatarini zaidi kudanganyika.

Mbao ni mkusanyiko wa nyuzi ndogo zenye uwazi ndani, na kila uzi huakisi mwanga kwa kufuata mwelekeo wake. Katika mbao kama za mkangazi, ambazo tabaka zake za nyuzi hupishana, hutokea mistari myeupe na myeusi. Mwanga ukihamia upande wa pili, mstari uliokuwa mweupe hugeuka mweusi. Ndiyo maana seremala anayeziba pengo hatosheki na mbao ya aina ileile. Kipande kilichokatwa katika mti uleule, kikigeuzwa kichwa chini, chaweza kuonekana kama kina rangi nyingine kabisa.

Rangi ya taa nayo ina athari yake. Balbu ya kelvini 2,700 hutoa mwanga wa manjano unaokoleza wekundu wa mbao, ilhali mwanga wa kelvini 6,500 huelekea ubuluu na kuzipoza. Taa duni za LED hupungukiwa na mwanga mwekundu, hivyo mbao nyekundu hufifia. Tena, kiraka kilichopakwa rangi chaweza kulingana na mbao ya zamani chini ya taa moja, kisha kikajitenga waziwazi juani.

Mpingo wa Afrika Mashariki, uliomo katika orodha ya taifa ya China ya mbao za hongmu, ni mweusi kiasi kwamba tofauti hizo za rangi hujificha. Hata hivyo, tochi ikimulikwa kwa ubavu, karibu na uso wa mbao, mikwaruzo ya msasa na kingo za kiraka hujitokeza mara moja. Ukaguzi huo hauhitaji zaidi ya dakika moja, na baada yake inafaa samani isogezwe penye mwanga wa mchana kabla ya bei kukubaliwa.