Kuitambua Sarafu ya Kirumi Iliyochakaa

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua sarafu ya Kirumi iliyochakaa, kwa kurejelea sarafu ndogo za shaba za Kaizari Constantine na wanawe, za karne ya 4. Sarafu hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, na hadi leo hufukuliwa kotekote palipotawaliwa na Roma. Aghalabu huwa zimesagika hata jina la mtawala lisisomeke.

Hatua ya kwanza ni kujizuia. Asiyejua huisugua sarafu au kuiloweka katika siki ili ing'ae. Kutu huondoka, na michoro huondoka pamoja nayo. Mtafiti hupima kipenyo na uzito, kisha huitazama kwa lenzi huku mwanga ukiiangukia kutoka ubavuni, ili vivuli vidhihirishe alama zilizofifia.

Pili, huanza na picha kabla ya maandishi, kwani umbo kubwa hudumu kuliko herufi. Tuchukue sarafu yenye askari wawili waliosimama, iliyozungushiwa maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Iwapo kati ya askari hao pana bendera mbili za kijeshi, sarafu ni ya miaka ya 330 hadi 335 hivi. Iwapo bendera ni moja, ni ya takriban 335 hadi 341, nayo kwa kawaida huwa ndogo na nyepesi zaidi.

Tatu, hutazama chini ya miguu ya askari. Hapo pana kifupisho cha mji ilikotengenezwa: TR ni Trier, katika Ujerumani ya leo, SMAN ni Antiokia, katika Uturuki ya leo.

Jina la mtawala huja mwisho, na hapo ndipo penye mtego. CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS ni majina matatu tofauti, ilhali yote huanza na CONSTAN. Zikisalia herufi hizo saba pekee, mwenye hamu hulikamilisha jina apendavyo, na aghalabu humchagua aliye mashuhuri zaidi. Msomaji wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anaufahamu mtego huu. Nukta zikifutika, ba, ta na tha hufanana katikati ya neno, na anayekisia huweza kumsingizia mshairi neno asilolitunga.

Hivyo basi, kuandika kwamba sarafu ina askari wawili na bendera moja, ni ya Antiokia, ni ya miaka ya 335 hadi 341, na mtawala wake hatambuliki, si kushindwa. Huo ndio ushahidi wote uliosalia katika shaba. Mtafiti mwingine atakayeijia sarafu hiyo baadaye ataweza kuyaongezea maelezo hayo bila kulazimika kwanza kuyabomoa.